Ng'ombe Aliyewekwa Dirma

Nimeingia mahakama nyingi bila kuitwa. Wengine wakifika mji mgeni huuliza mpira unachezwa wapi. Mimi huuliza kesi zinasikilizwa wapi. Benchi ni la bure, mvua haikupati, na unawasikia watu wakieleza maisha yao kwa utaratibu ambao hata nyumbani hawautumii. Niliacha shule darasa la tano, na mengi ninayoyajua kuhusu ardhi, mirathi na mikopo niliyaokota kwenye mabenchi hayo. Ila kesi moja niliingia nikiwa nimemshika mtu mkono, na tangu hapo sijapenda tena kukaa mbele.

Mtu huyo alikuwa mama mjane wa kijiji cha Endagikot, milimani. Nilifika kwake msimu wa kuvuna vitunguu saumu nikitafuta kibarua, akanipa kazi na chumba cha pembeni alichokuwa akiwekea majembe. Vitunguu viliisha, nikabaki. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mchanga baada ya ndoa kuvunjika, na maziwa ya mtoto walikuwa wakiomba kwa majirani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na zizi tupu lenye samadi ya miaka mingi, nyeusi, laini kama majani ya chai yaliyolowa.

"Mama," nilimwambia, "hapa pakilimwa patazaa kuliko shamba lote."

"Hapo hapalimwi. Hapo ni pa ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Yuko Dirma."

Sikuuliza zaidi. Mimi ni mzaliwa wa karibu na Haydom, na desturi hiyo naijua. Kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Mtu wa milimani, mwenye shamba dogo, humpeleka ng'ombe kwa rafiki kwenye tambarare za Hanang, kwenye malisho. Rafiki hunywa maziwa na kutumia samadi; ng'ombe na ndama wake hubaki mali ya mwenyewe. Haiandikwi popote. Wala haitangazwi, maana kutaja ng'ombe wako mbele za watu ni kujitafutia macho. Wanajua wanaume wawili na wake zao, basi.

Mume wa mama huyu ndiye aliyempeleka ng'ombe Dirma, huko tambarare, kwa rafiki yake. Mume alikufa, urafiki haukufa. Ng'ombe wa kwanza alipokufa kwa ugonjwa, rafiki alipanda mlima na ngozi yake begani ili mama aione kwa macho yake. Aliyebaki alikuwa binti wa ng'ombe yule: mwekundu, paji jeupe, pembe ya kushoto imeinama kuelekea jicho.

Baadaye yule rafiki alifungua kampuni ya maziwa. Alinunua tangi la kupoza na gari dogo, akawa anapeleka maziwa Haydom, kwenye migahawa wanakokula ndugu wa wagonjwa wa hospitali ya pale. Alikopa benki. Kila ng'ombe aliyekuwa zizini mwake alivalishwa hereni ya njano sikioni, yenye namba. Mama alipopata habari hizo alifurahi. Alisema sasa ng'ombe wake hatapotea.

Kisha yule rafiki akafa ghafla, na tukashuka Dirma kuzika. Tukiwa tumekaa chini na watu wanaimba, ng'ombe walipita kutoka majini, na nikamwona mwekundu mwenye paji jeupe. Mama naye alimwona. Aligeuza uso akaendelea kuimba.

Njiani kurudi nilimuuliza, "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Utamchukua lini?"

Alisimama akanitazama kama mtu niliyemwambia tusi. "Mwanangu, watu wanalia, mimi niende kufungua zizi?"

Na hivyo ndivyo walivyofanya wote waliokuwa na ng'ombe kwenye zizi lile. Kwetu huwezi kwenda kudai mali kwenye nyumba yenye msiba. Unasubiri familia imalize matanga, iite watu, igawe nguo za marehemu. Hapo ndipo unakwenda, unasalimia, unakunywa chai, na mwisho kabisa unasema lililokuleta.

Benki haikuwa na matanga. Kampuni iliacha kulipa, na benki ikaenda mahakamani kuomba ifilisiwe. Tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya kata: kila anayeidai kampuni, au mwenye mali yake mikononi mwa kampuni, ajitokeze kwa mfilisi kabla ya tarehe fulani. Nililisoma nikiwa Dirma kubeba mahindi, nikaenda kumweleza mama. Alikuwa anamenya viazi.

"Matanga yameisha?" akauliza.

"Bado."

"Basi."

Jirani mmoja, mchuuzi wa vitunguu, alikuwa amekaa mlangoni akacheka. "Wakili wa darasa la tano amekuja na sheria zake. Mama, huyu atakupeleka ukagombane na wafu."

"Sheria si zangu," nilisema. "Zimebandikwa."

"Na wewe ndiye gundi."

Hata mama alicheka. Tarehe ile ikapita.

Matanga yalipoisha tulikwenda. Mfilisi alikuwa kijana mpole, mwanasheria, ameweka meza kwenye banda la lile tangi la maziwa. Alimwamkia mama shikamoo, akampisha kiti chake. Alisikiliza yote. Kisha akasema ng'ombe yule ana hereni ya kampuni, na ng'ombe wote wenye hereni wameandikwa kuwa mali ya kampuni, na mali yote ya kampuni imewekwa dhamana benki. Yeye hana uwezo wa kumtoa. Mahakama inao.

Mama alipomaliza kunywa maji aliyopewa, mimi nilibaki nyuma. Nilitaka kuelewa. Nilimuuliza mfilisi kwa nini benki itangulie na wengine wafuate.

"Benki iliandikisha haki yake kabla haijatoa hela," alisema. "Waliouza majani, madereva, duka la dawa, hao wanagawana kinachobaki. Mara nyingi hakibaki kitu."

"Na marehemu angekuwa hai?"

"Isingebadilika. Mbele ya sheria kampuni ni mtu mwingine kabisa. Si yule marehemu."

Nilifikiri hilo njia nzima. Mama alikuwa amesubiri kwa ajili ya heshima ya mtu, na aliyeshika ng'ombe wake ni mwingine, ambaye hakuna aliyemzika wala kumlilia.

Shirika la msaada wa kisheria lilimpatia wakili, dada mmoja aliyeongea haraka. Huyo alituambia wazi kesi imekaaje. Kama ng'ombe si wa kampuni, benki haiwezi kumchukua, hata kama tarehe ya tangazo imepita. Lakini lazima mama aonyeshe hivyo, na mume wake amekufa, na rafiki amekufa. Aliyebaki hai anayejua ni mjane wa rafiki. Naye alikuwa mkurugenzi wa kampuni. Aliweka dole gumba pamoja na mumewe kwenye hati za benki zilizosema ng'ombe wote wenye hereni ni wa kampuni. Akisema leo si hivyo, anakiri kuwa alitoa taarifa ya uongo.

"Kwa hiyo wewe mwenyewe ndiye utasema," wakili alimwambia mama. "Sema marehemu alimwandikisha ng'ombe wako bila kukuuliza. Sema alidanganya benki. Tukisimama hapo, tuna pa kusimama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mimi nilidhani amekubali.

Siku ya kesi mjane wa rafiki alikuwa kwenye benchi la nyuma, bado amefunga kitambaa cheusi. Alimwamkia mama kwa kichwa tu. Nilimshika mama mkono mpaka kizimbani, maana ngazi zilikuwa na marumaru ya kuteleza.

Alieleza vizuri. Alieleza pembe, paji, ngozi iliyopanda mlima. Alipoulizwa kwa nini alichelewa kudai, alisema kulikuwa na msiba. Jaji alivua miwani akasema anaielewa desturi hiyo, ila sheria haikuweka muda wake. Akasema aendelee.

Kisha akasimama wakili wa benki.

"Marehemu alitia saini kuwa ng'ombe huyu ni wa kampuni. Wewe unasema ni wako. Kwa hiyo marehemu alisema uongo?"

Mama alishika ukingo wa kizimba.

"Mama, umesikia swali?"

"Alikuwa rafiki wa mume wangu."

"Hilo tumelisikia. Alisema uongo, au hakusema?"

Mama hakumtazama wakili wake, wala mimi. Alitazama benchi la nyuma. Mjane yule alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ndani ya khanga.

"Sijui," mama alisema. "Ng'ombe ni wangu."

"Sina swali lingine, mheshimiwa."

Uamuzi ulisomwa baadaye, kwa sauti ya kawaida. Jaji alisema mahakama haimwiti mama mwongo. Inasema tu kwamba mbele yake kuna hati zilizosainiwa, na upande wa pili kuna neno la mtu mmoja ambaye hakutaka kuzipinga hati hizo. Ng'ombe ni wa kampuni. Mama akitaka, anaweza kudai thamani yake pamoja na wadai wengine wasio na dhamana. Dada wakili alifunga faili.

Nje, wale wajane wawili walikaa benchi moja kusubiri basi. Mama alitoa viazi vya kuchemsha kwenye mfuko, akamkatia mwenzake kipande.

"Ningesema," yule mwingine alianza.

"Kula," mama alisema. "Ungesema nini, na umefiwa."

Ng'ombe walipigwa mnada kule kule Dirma. Mama hakwenda; nilikwenda mimi, kwa miguu yangu isiyotulia. Yule mwekundu alinunuliwa na mfanyabiashara wa Arusha. Alipandishwa kwenye lori akiwa mpole, akainamisha pembe yake kupita mlangoni.

Nilirudi jioni. Mama alikuwa amembeba mjukuu mgongoni. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa na mimba?"

Ningeweza kusema sikuona. "Alikuwa nayo," nilisema.

Alimpandisha mtoto vizuri, akafunga tena kitenge. Kulipokucha alinikuta nanawa uso, akaniambia nilete jembe. Tulianza kwenye mlango wa zizi tukaelekea ndani. Niling'oa nguzo, na yeye akafuata nyuma yangu akipasua mabonge kwa mkono. Vitunguu saumu vya pale vilikuja kuwa vikubwa kuliko vyote Endagikot. Mchuuzi jirani alivinunua vyote, akauliza tumeweka mbolea gani. Mama alimwambia aangalie mzani wake.