Dobi Aliyempenda Mkono Mmoja

Wifi yangu alikuwa dobi wa klabu ya tenisi tangu kaka yake mdogo, yaani marehemu mume wangu, hajaota ndevu. Alifua nguo nyeupe za wachezaji, akazianika nyuma ya uwanja, na huku anabana vibanio kwenye kamba akajifunza mchezo wote. Mimi nilikuwa mponda kokoto. Nataka hilo lijulikane mapema, maana ugomvi wetu wote ulitoka hapo.

Alipoacha kazi akahamia kwangu. Mume wangu alishafariki, tukabaki wanawake wawili na televisheni moja. Mwanzoni niliona tenisi ni mchezo wa watu waliokosa la kufanya. Watu wazima wawili wanarudishiana kitu kimoja, na hakuna anayekitaka!

"Kaa utazame," wifi akaniambia. "Mdomo wako umetangulia macho."

Nikakaa. Nikakaa miaka.

Majina ya wachezaji yalitushinda, tukawabatiza wenyewe. Wake alikuwa Mkono Mmoja. Mpira ukija upande wa kinyume, wenzake hushika raketi kwa mikono miwili, ila yeye huupangusa kwa mkono mmoja kama anafuta vumbi mezani. Wangu alikuwa Mshoto. Mshoto hupiga mpira kana kwamba wana kesi tangu utotoni, na huukimbilia hata ulioshakufa.

"Mtazame wako," wifi angesema. "Seti ya kwanza tu, kola imeshakuwa kidimbwi. Mkono Mmoja yuko pale tangu mchana, shati kama limetoka kwenye pasi sasa hivi. Huo ndio ukubwa, wifi. Kazi isiyoonekana."

"Kazi isiyoonekana ni uvivu. Jiwe lililopasuka bila jasho mimi silijui."

"Ndiyo maana ulikosa mtu wa kukufulia."

"Kaka yako alikuwa akinifulia."

"Vibaya!"

"Vibaya, lakini alifua."

Kwenye viwanja vya udongo mwekundu ndiko nilikokuwa namkomesha. Mshoto huko ni mfalme. Anateleza, anaanguka, anainuka mwekundu mpaka kiunoni. Mimi napiga vigelegele, wifi ameshika kichwa kama amefiwa. "Doa hilo halitoki! Jamani, nani anamfulia mtoto huyu?" Nikimwambia hesabu makombe, anajibu makombe hata mwizi anaweza kuwa nayo, tuangalie namna yalivyopatikana. Hapo tunanuniana mpaka chai.

Kisha nyonga yake ikaanza kugoma. Mwanawe, dereva wa lori, akaja kumchukua akaishi naye mji mwingine, karibu na hospitali. Aliniuliza mbele ya mama yake kama nina neno. Nikasema sina. Mimi si mtu wa kuomba. Nikamfungia sufuria zake kwenye magazeti, nikamwambia akashabikie vizuri huko, labda wake atashinda nikiwa mbali. Naye hakuomba kubaki. Vichwa vyetu wote wawili ni vya mawe, na mawe nayajua.

Tangu hapo televisheni iliongea peke yake.

Siku moja simu ikalia.

"Wifi, anaaga," akasema. Hakutaja nani, wala sikuuliza. Mkono Mmoja alitangaza kwamba mashindano haya ni ya mwisho, akishindwa tu, basi. "Siwezi kumtazama na hawa. Mkwe wangu ananiuliza goli liko wapi. Tumtazame wote, kwa simu."

"Nitaona kama nina nafasi," nikasema.

Siku ya mechi nilifagia mapema, nikapika mapema, nikakaa kabla hata wachezaji hawajaingia. Simu nikaiweka juu ya stuli, nikaifungulia sauti.

Mpira wa kwanza, kwangu bado mpinzani, kijana mmoja mrefu, anaudundisha tu, wifi akapiga ukelele: "Nje!" Ndipo na kwangu ukaenda nje. Wa pili vilevile.

"Umekuwa mganga?"

"Mimi? Wewe ndiye umelala!"

Mkwewe akatueleza: picha yao inapita kwenye waya, yangu inapita kwenye dishi, ya waya inatangulia kidogo. Kidogo hicho kilitutesa. Anacheka, mimi nimekunja uso. Mimi nashusha pumzi, yeye ameshaingia hofu nyingine. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, na simu ikawa kama sehemu ya stuli. Kimya nilikuwa nacho tele humu ndani, sikukaa pale kukitafuta kingine.

Nikazima televisheni.

"Nimezima, wifi. Nisimulie."

"Umezima? Leo?"

"Nisimulie kabla sijabadili nia."

Akasimulia kidobi. Soksi safi. Kola kavu. Amepangusa mmoja, wifi, ungeuona, mpira umelala juu ya mstari kama nguo juu ya kamba. Halafu sauti ikashuka.

"Shati limemganda mgongoni."

"Lake?"

"Lake."

Siku hiyo niliingoja miaka yote nimcheke mpaka akome.

"Basi anafanya kazi," nikasema. "Mwache afanye."

Kwa pumzi za wifi nilijua Mkono Mmoja ameshindwa. Makofi ya uwanja mzima yakaja kwenye kile kisimu, membamba, kama mvua kwenye bati la jirani.

"Alikuwa mkubwa kuliko wote," akasema, analia waziwazi. "Kubali leo tu."

"Sikubali."

"Hata leo?"

"Njoo tubishane hapa. Kwenye simu sibishani."

"Wifi, unaniomba nije?"

Nilitazama kioo cheusi cha televisheni. "Ndiyo. Nakuomba."

Akapenga kamasi. "Nyonga hii haipandi basi tena. Njoo wewe."

"Nyumba ya kaka yako nimwachie nani?"

"Aa," akasema taratibu. "Hapo sasa."

Leo Mshoto anacheza. Jirani amepita dirishani kunikumbusha, nikamwambia nina kazi. Sina kazi yoyote. Ila bila wifi wa kumtukana, Mshoto ni mtu tu anayetoka jasho.