Mbao Mlangoni mwa Adelaïde

Mama Adelaïde wa Kibabi, huko Masisi, hakuwa na shida ya maharage wala ya mihogo. Shida yake ilikuwa mkwe. Mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa bintiye, na kwake hakukuwa na paa la pili. Binti yake, Uwizeye, aliolewa mbali, Mpofi, akazaa, na bibi alikuwa bado hajamshika mjukuu. Patient, mume wa Uwizeye, alikuwa ametamka wazi: hatalala tena kwa jirani kama mchuuzi aliyekutwa na mvua. Bila annexe, yaani kijumba cha wageni, hakuna safari.

Na kiwanja chenyewe! Kilima kilikuwa kimeporomoka, kikamwachia kipande chembamba mbele ya nyumba, na chini yake genge. Fundi Nzabandora alichora udongoni kwa fimbo, akafuta, akachora tena. Kijumba kingesimama juu ya nguzo za mikaratusi, mlango ukitazama nyumba kubwa.

Adelaïde alikataa katakata. Mkwe atoke asubuhi wakutane uso kwa uso, kizingiti kwa kizingiti? Aibu hiyo angeificha wapi? Basi wakachimba kinjia ukingoni, mlango ukatazama bonde. Mvua ya kwanza ikakizoa kinjia chote. Adelaïde alilia mbele ya fundi bila kujificha.

“Mama, mulima imekataa,” Nzabandora akasema. “Mulango ya annexe itaangalia kwako. Ya kwako njo tufunge.”

Akili ni nywele, na siku hiyo za wote wawili zilikuwa chache. Wakapigilia mbao mlango wa mbele wa Adelaïde, naye akawa anapitia nyuma, jikoni. Akatandika kitanda cha wageni, akatuma salamu Mpofi: waje.

Walipofika, alikuwa ameshuka bondeni kuteka maji, na simu yake haikuwa na moto, chaji ilikuwa imekwisha. Aliporudi alikuta nyayo mbele ya annexe, za watu wazima wawili na za mtoto asiyevaa viatu. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Akakimbilia barabarani, na huko akakutana na mwenye pikipiki aliyekuwa ametoka kuwapeleka kwenye gari la Walikale, la kuwarudisha Mpofi.

“Walikuta mbao ku mulango, Mama,” akamwambia. “Walisema ulishakimbia vita. Binti yako alilia njia yote.”

Nani Masisi asiyejua hilo? Mlango uliopigiliwa mbao haubishwi hodi, wenyewe wameshahama. Adelaïde mwenyewe aliwahi kuupigilia wake hivyo hivyo, akakimbia vita. Kwa kumwogopa mkwe alikuwa amesahau.

Alirudi akazing'oa mbao kwa jembe, akaketi kizingitini, akiutazama mlango wa annexe. Mvua ilipoanza kudondoka, aliingia jikoni, akachukua sufuria ya maharage ya wageni, akayamwaga, akatoka na kuifunikiza sufuria juu ya unyayo mmoja wa mtoto, mvua isiufute.