Kikaratasi cha Mwalimu na Majani ya Mikaratusi

Leo mwanangu amerudi kutoka shule, hapa Mushasha, na kikohozi pamoja na kikaratasi cha mwalimu. Nimemchemshia majani ya mikaratusi, na ule mvuke ukanirudisha Giteranyi, nilikosoma utotoni.

Mama alikulia Tanzania, na Kifaransa, lugha ya shule yetu, hakukijua hata neno. Vikaratasi vya shule nilimsomea mimi kwa Kiswahili, kisha yeye akachora msalaba mdogo chini, kuonyesha kwamba ujumbe umefika. Siku moja mwalimu alikuwa ameandika kwamba mtoto mwenye homa abaki nyumbani siku tatu. Mwili wangu ulikuwa wa moto, lakini kesho yake ilikuwa zamu yangu kusoma shairi mbele ya darasa. Nikamwambia mama, “Wanasema watoto wote waje, na wakate kucha.”

“Soma tena,” akasema.

“Waje wote... na wavae sweta.”

Akakikunja kile kikaratasi taratibu. “Kifaransa sikijui, mwanangu. Lakini karatasi haibadilishi maneno.”

Hakunichapa, namshukuru hadi leo. Alichuma majani, akayachemsha, akanifunika kwa kitenge chake pamoja na sufuria. Humo ndani, jasho na machozi yakinitiririka, nikasikia sauti yake: “Haya, lete hilo shairi. Darasa ni mimi.”

Nikalisoma lote kwa moyo, kwa Kifaransa, huku nikikohoa. Akapiga makofi kama mtu aliyeelewa kila neno. Kisha akainua pembe ya kitenge, akanichungulia.

“Soma tena.”