Mchwa na Shemeji

Majina ya watu wote nitakaowasema hapa ninayajua, la kila mmoja, la baba yake na la babu yake, lakini nimeyafunga kwenye pindo la kanga. Waliokufa wana watoto, na watoto wana midomo.

Ilikuwa kipindi cha ruksa, biashara zimefunguliwa, Kariakoo ndiyo kwanza inaota maghorofa. Sisi wajane wawili wa mume mmoja tulibaki kwenye nyumba yake ya udongo, mwenzangu mke mkubwa, mimi mdogo. Juu zimelala boriti za mikoko ambazo marehemu alizipakua mwenyewe kwenye mashua za Rufiji. Mdogo wake, shemeji yetu, alitaka kuiuza nyumba. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipitia kututazama, kama mtu anayebonyeza papai kuona kama limeiva.

Sasa mjue, mtaani kwetu neno "kuthamini" lilikuwa na maana moja tu. Akija mtu na karatasi akasema anathamini, barabara inapita chumbani kwako. Anaandika, anachora alama nyekundu ukutani, unafungasha.

Basi asubuhi moja binti wa chuo akabisha hodi, karatasi kwapani. Shikamoo, marahaba, karibu mkekani. Akasema, "Mama zangu, tunathamini mikoko."

Mwenzangu akatazama juu. Na mimi nikatazama juu.

Akauliza mikoko inatufaa nini. Nikaona tukisema haifai kitu, tutatolewa bure, kwa hiyo tukaisifu kama bibi harusi. Nikamwambia mchwa akiuma mkoko harudi kwao na meno. Mwenzangu akadai boriti ya mlangoni inatibu kikohozi. Nikamwonyesha moja moja, na jina la mtoto aliyezaliwa chini yake, na la mkunga, na la jirani aliyekula pilau ya arobaini bila kuleta hata sabuni. Binti akaandika yote, na ya sabuni pia. Kisha akauliza tungelipwa nini ndipo tukubali kuishi bila mikoko.

Mwenzangu hakuwahi kukubaliana nami hata juu ya chumvi. Siku ile akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "mwambie aliyekutuma atutoe sisi kwanza. Boriti zifuate."

Binti akaduwaa. Akakunjua ramani. Nilidhani nitaiona nyumba yetu imepigwa msalaba, kumbe ni pwani tupu, midomo ya Rufiji imepakwa kijani. Akatueleza kwamba wanataka kujua msitu ule unawafaa kina nani, kwa kuvua kamba, kwa asali, kwa kuzuia mawimbi, kwa miti ya kujengea, na watu hao wako wapi. Ya nyumba yetu hakuwa na habari.

Tulicheka mpaka kanga zikafunguka. Halafu mwenzangu akaitazama ramani, kisha akanitazama mimi. Nikamwelewa.

"Mwanangu," nikasema, "ilikotoka mikoko umepaka rangi. Ilikofika je?"

Akafikiri, akaona kweli. Akatia kitone cha kijani juu kabisa, pembeni ya neno Dar es Salaam. Baada ya wiki chache akatuletea nakala, tena yenye muhuri.

Ijumaa moja shemeji akaja na mnunuzi, bwana wa funguo nyingi, anagonga kuta kwa kidole. Tukampa kiti na chai ya tangawizi. Nikamuuliza shemeji, kwa upole, kama hajamwambia mgeni kwamba imeshathaminiwa.

"Imethaminiwa lini?" akauliza mnunuzi.

Mwenzangu akaikunjua ramani magotini pake. "Alikuja binti na karatasi, akaandika boriti zote. Kile kitone ni sisi."

Bwana yule akautazama muhuri. Akauliza ramani yenyewe ni ya nini. Nikamwambia mimi niliishia darasa la pili, mambo ya maofisini nitayajulia wapi. Chai aliiacha nusu.

Shemeji akasema tumemwongopea mgeni wake. Nikamwomba anionyeshe neno lipi ni la uongo. Hakuja Ijumaa iliyofuata, wala iliyofuata tena.

Binti alirudi baadaye, amalizie karatasi zake. Akauliza kama kuna faida ya mikoko tuliyoisahau.

"Ipo," akasema mwenzangu. "Pale kwa mchwa, ongeza na shemeji."