Karani Aliyepiga Piano Bungoma

Nyaruai wa Ndirangu alipoingia ukumbi wa kanisa pale Kitale, mwaka 2003, alikuwa amekuja kufundisha piano. Cheti chake kilikuwa mkobani. Mwalimu Mukhwana, msimamizi wa mradi ule wa kuwafundisha watoto muziki, alikisoma chote, akamrudishia.

"Walimu wa piano wanatosha kwa sasa," alisema. "Nisaidie kuandikisha watoto wiki mbili, halafu tuone."

Siku hizo mambo yalikwenda ovyo. Fidla moja ilikuwa imepewa watoto wawili, mmoja wa Endebess na mwingine wa mjini, na mama zao walikuwa wamevutana mlangoni. Nyaruai akafungua rejista: jina la mtoto, ala yake, saa ya somo, jina la mzazi. Akapaka nambari kwenye kila sanduku la ala. Akapanga ratiba. Wiki mbili zilipokwisha, ratiba ilikuwa inakwenda vizuri kiasi kwamba hakuna aliyetaka kumgusa aliyeipanga. Mwaka ukapita, kisha wa pili, kisha wa tatu.

Haikuwa kazi mbaya, na hilo ndilo lililomchosha. Kupitia ukuta mwembamba wa ofisi alisikia mtoto akikosea pale pale kila wiki, na vidole vyake mwenyewe vikisahihisha kosa juu ya meza. Nyumbani Moi's Bridge, mama yake aliwaambia majirani, "Anafundisha muziki," naye Nyaruai hakumrekebisha.

Julai 2006 watoto wa tawi la mradi huko Bungoma walikuwa na mtihani wa fidla, na Nyaruai alikuwa amekwenda na rejista yake. Asubuhi hiyo Agneta, aliyekuwa akiwasindikiza watoto kwa piano, alilazwa hospitali ya Lugulu kwa malaria. Watoto kumi na tisa walikuwa wamekaa kwenye benchi, fidla mapajani, na Mukhwana alikuwa amepiga simu kila mahali.

"Mimi nitapiga," Nyaruai alisema.

Mukhwana alimtazama kana kwamba kabati la faili limezungumza.

Akapiga. Jerop, msichana wa miaka kumi, alipotea katikati ya wimbo wake. Nyaruai akarudia kipande kile kile, taratibu, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mtoto akaushika wimbo tena. Mtahini akainua kichwa.

"Huyu mwalimu mmemtoa wapi?"

"Huyo ni karani wetu," Mukhwana akajibu kwa fahari.

Jumatatu Nyaruai alimfuata ofisini. "Mwalimu, nataka kufundisha."

Mukhwana akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. "Nyaruai, mwalimu wa piano naweza kupata hata kesho. Lakini mtu wa kujua fidla gani iko kwa nani, na mzazi gani hasomi barua mpaka apigiwe simu, nitamtoa wapi? Ukitoka hapa, hii kitu inaanguka."

"Kwa hivyo kwa sababu naiweza, siwezi kuiacha?"

"Usiseme hivyo, bana." Akachukua tena kalamu. "Tena nilitaka kukuambia. Ofisi ya Bungoma nayo uichukue. Alhamisi na Ijumaa."

Nyaruai alirudi mezani, akaandika barua ya kuacha kazi. Alipoisoma akagundua kwamba hata tangazo la kumtafuta karani mpya angelichapa yeye, na siku ya mahojiano angeipanga yeye. Akaichana. Kisha akachukua ratiba mpya, akajaza nafasi moja: Alhamisi, saa kumi, Bungoma, piano, mwanafunzi Fridah Khaemba, miaka minane, mwalimu, Nyaruai.

Mukhwana aliusoma mstari ule mara mbili. Akatia sahihi.

Alhamisi ya kwanza somo lilianza mlango wa ofisi ukiwa wazi, ili simu isikike. Ililia. Mzazi akaja kuuliza fomu. Simu ikalia tena. Mara ya tatu Nyaruai aliporudi, Fridah alikuwa ameshavaa sweta yake, saa ya somo imekwisha.

"Uje wiki ijayo," Nyaruai akamwambia, akaketi kuandika mahudhurio.