Ombi la Jumamosi

Mume wangu alikuwa fundi mwashi Ruangwa, akirudi nyumbani Nachingwea kila mwisho wa mwezi. Mimi nilishona nguo barazani, karibu na soko. Mteja mmoja, karani wa ghala la korosho, akaanza kuniletea mashati yasiyo na kasoro yoyote. Siku moja alisema, "Fundi, leo nimepita kukusalimia tu." Kesho yake nikajikuta nimejipaka mafuta mazuri, natazama barabarani tangu asubuhi.

Niliogopa. Nikamwendea mwenzangu wa jumuiya, mwanamke aliyemsimamia mwanangu ubatizo, nikamweleza yote nikilia.

"Hili litaishia kwangu, dada," akaniambia. "Tusali."

Tulisali siku tatu. Siku ya nne nikamwambia yule karani, "Kaka, nguo zako mpelekee fundi mwingine. Mimi ni mke wa mtu, na moyo wangu umeanza kukusubiri." Akachukua shati lake, akaondoka. Hakurudi tena. Nilishona siku nzima nikiimba.

Jumamosi jumuiya ilisali kwangu. Nilitandika mikeka, nikachemsha mihogo. Ulipofika wakati wa maombi, mwenzangu akaanza kwa sauti ya upole:

"Tumwombee mama wa nyumba hii, anayeteswa na tamaa ya mwanamume asiye wake, na mumewe yuko mbali. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," tukaitikia wote. Hata mimi niliitikia, kabla sijaelewa anayeombewa ni nani.

Wenzetu walipoondoka nikamuuliza, "Nilikukosea nini?"

"Hujanikosea. Nilitaka tuwe wengi wa kukuombea." Alisema hivyo huku akijifunga kitenge chake vizuri, kama mtu aliyemaliza kazi.

Wiki haikuisha, mume wangu akashuka kwenye basi la Ruangwa. Hakuwa na mzigo.

"Ni kweli?"

"Nilimtamani. Sikumwendea."

Akasukuma kando ugali na kisamvu nilivyomwandalia. "Mbona ulimwambia mwenzako wa jumuiya, mimi hukuniambia?"

Hakuniacha. Mwezi uliofuata alinihamishia Ruangwa, na ndiko ninakoshona sasa.

Tukienda Nachingwea kusalimia, tunasali kanisa letu la zamani. Wakati wa kutakiana amani mwenzangu hunyoosha mkono, nami naupokea bila kumtazama usoni. Kumkataa yule karani kulinichukua siku nne. Chuki hii inaingia mwaka wa pili, na kila asubuhi naamka nayo.