Laini Mbili, Nusu kwa Nusu

Faiba ilipofika kwenye mtaa wetu wa Bellevue, mwaka 2017, mwenye duka letu la intaneti hakuikata laini ya zamani ya simu. Mimi ndiye niliyemshauri hivyo. Laini hiyo ilipita kwenye nyaya za shaba, na Johannesburg nyaya za shaba huibwa. Faiba nayo ilikuwa ngeni, hatukuijua tabia yake. Nikamwambia tununue ruta ya biashara, ile yenye matundu mawili ya kuingizia laini, ili moja ikifa nyingine ibebe, na zote zikiwa hai zisaidiane. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu wa maneno machache. Akaniangalia, akasema, "Hii ikitembea muzuri, duka mupya ya kule mtaa wa La Rochelle utaichunga weye."

Nilikuwa nimekaa miaka minne kwenye kiti kile cha mlangoni, nikiuza dakika za intaneti, nikichapisha fomu za watu, nikifuta vumbi kompyuta kumi na mbili. Kazi hiyo sikuisomea. Niliacha shule kidato cha kwanza, Tanga, mama alipomfuata baba kaburini, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kati ya wanne na hapakuwa na mwingine. Mambo ya ruta nilijifunza kwa kusimama nyuma ya mafundi na kutazama vidole vyao. Kwa hiyo La Rochelle halikuwa duka tu kwangu. Ingekuwa mara ya kwanza mtu kunipa kitu kwa sababu ya ninachokijua, na siyo kwa sababu nimevumilia.

Wakati huo nilikuwa nakaa chumba kimoja na mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, pazia katikati. Alikuwa amekuja miezi mitatu nyuma na diploma yake ya mitandao ya kompyuta kutoka Dar es Salaam. Diploma hiyo niliigharamia mimi, nikiwa kwenye kiti kile kile, na nilijivuna nayo mbele za watu. Lakini alipoanza kupita dukani mchana akisubiri majibu ya kazi, akawa anatazama taa za ruta huku ameinamisha kichwa kama daktari, kuna kitu kilinichoma.

"Kaka, mgao wa laini mbili umeuwekaje?"

"Uko sawa."

"Nione kidogo?"

"Hii mali ya watu. Kaa hapo, unywe chai."

Haukuwa sawa. Tangu nilipounganisha laini ya pili, wateja walilalamika kuliko zamani. Maandishi ya ukurasa yalifunguka upesi, picha zikabaki nyuma. Video ya mmoja ilikwenda kama maji, ya jirani yake ikaganda. Watu wakaanza kugombea viti, eti kompyuta ya saba ina bahati. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka niliingia kwenye ruta, nikazima, nikawasha, nikakagua ile sehemu ya mgao: hamsini kwa hamsini. Sikuona kosa. Paswedi niliiandika kwenye karatasi nikaificha ndani ya kava ya simu, na simu nikawa nailalia. Nikikumbuka naona haya. Chumbani mle hapakuwa na mwizi, palikuwa na mdogo wangu.

Kilichonikera zaidi ni jinsi mwenye duka alivyomwita. Mimi, baada ya miaka minne, nilikuwa "kijana". Yeye, wiki ya pili tu, "Madame Injinia". Siku moja walikuwa wanaongea habari za faiba, mzee akacheka. Mimi sikuwahi kuyaona meno yake.

Jumamosi moja alikuja mama mshonaji, Mkongo, mteja wetu wa siku zote, kumwombea mwanawe nafasi ya darasa la kwanza. Maombi yalifanyika kwenye tovuti, na wanaowahi ndio wanaopata shule ya karibu. Alijaza ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudishwa mwanzo. Akajaza tena. Mara ya tatu akasimama na kupiga meza.

"Inanifukuza tena! Hii mashini yenu inanichukia?"

Mdogo wangu akamsogelea. "Siyo mashine, mama. Ukibonyeza hapa, ombi lako linatoka kwa laini hii. Ukibonyeza tena, linatoka kwa ile. Kule wanaona mtu yule yule anapiga hodi mlango wa mbele, na papo hapo anapiga hodi mlango wa uani. Wewe ungemfungulia?"

"Eish! Mi ningeita polisi."

Duka zima likacheka. Mwenye duka hakucheka. "Kijana, mupe paswedi."

"Nitarekebisha mwenyewe kesho, patron."

"Kesho shule itakuwa imejaa," akasema yule mama, taratibu, akinitazama mimi peke yangu.

Nikavua kava ya simu mbele ya watu wote. Karatasi ilikuwa imelowa jasho.

Mdogo wangu alifungua ukurasa wa mgao, akaziba mdomo kwa kiganja. "Kaka! Umegawa kama mkate wa kumimina!"

Alijua alichokisema. Mama alipofariki, mkate nilikuwa naukata kwa uzi, vipande vinne, asiwepo wa kulia kwamba cha mwenzake ni kikubwa. Nilijua kugawa sawa tu. Maishani mwangu, aliyegawa visivyo sawa alikuwa mwizi au mjomba.

"Faiba ni mtu mzima, hii ya simu ni mtoto mchanga," akasema. "Na wewe umemtwisha mtoto nusu ya mzigo wa nyumba." Akaandika tisa kwa moja. Kisha akaiagiza ruta kwamba aliyeanza na tovuti kwa laini moja amalize kwa hiyo hiyo. Yule mama alipita mara ya kwanza. Akaibusu karatasi ya kupokelewa ombi, akambusu mdogo wangu, akatoka bila kuniaga.

Jioni, tukifunga, mwenye duka akasema, "La Rochelle ataichunga Madame Injinia."

"Hapana, patron. Kaka ndiye mkubwa."

"Mi sitafuti mukubwa. Natafuta mwenye anajua."

Nilitoka nje kushusha geti la chuma. Mdogo wangu akanifuata, akashika upande wa pili.

"Kaka, nikikubali utaninunia?"

Ningeweza kumdanganya. "Nitanuna."

"Sana?"

"Sana. Kubali."

Alikubali. Wiki iliyofuata nilimbebea kompyuta za kwanza mpaka La Rochelle, moja nimeipakata kwenye teksi ili isigongwe, na njia nzima sikumsemesha.